Rimoti ya Wote

Simu ilimkuta Verna Hnatiuk kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mikono imejaa unga, anafinya pirohi, vile vidonge vya unga vinavyojazwa viazi, pamoja na akina mama wenzake kwa ajili ya mauzo ya Krismasi. Hakuweza kuishika. Shoga yake Elsie akaipokea, akabonyeza kitufe cha sauti kubwa, akaiweka mezani kando ya bakuli la viazi na jibini. Nia yake ilikuwa njema, lakini ndivyo ukumbi mzima ulivyosikia.

"Mama, uko wapi?" Alikuwa Darla, binti yake, kutoka mji wa Regina.

"Kanisani. Nafinya."

"Umeacha moto unawaka nyumbani."

"Sijaacha."

"Mama, Brent wa ofisi ya nyumba ameingia kukagua kengele za moshi. Kakuta meko ya gesi ya sebuleni inawaka, nyumba imekuwa tanuri, ndani hamna mtu. Amenipigia sasa hivi."

"Amekupigia wewe? Wewe uko Regina, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mimi niko hapa hapa Yorkton, kona mbili kutoka ofisini kwake. Simu yangu mimi imekufa?"

"Usigeuze maneno, Mama."

"Sigeuzi. Nakwambia nilizima. Nilibonyeza, nikauangalia mpaka ukafa, ndipo nikavaa viatu."

"Sawa, Mama. Tutaongea," Darla alisema, kwa ile sauti anayosemeshwa nayo mtoto anayeapa kwamba amepiga mswaki.

Elsie akakata simu. Wanawake wakainamisha vichwa na kufinya kwa bidii ya ajabu. Kisha mmoja wao akasema kwa huruma, "Hata mimi juzi nimeikuta miwani yangu ndani ya friji." Verna alitamani kumrushia bakuli. Yeye hakuwa ameweka kitu chochote kwenye friji. Yeye alikuwa amezima moto.

*

Na alizima kweli. Tuelewane hapo mapema, msije mkaanza kumtilia shaka kama walivyomtilia wengine.

Zamani meko ile ya kuotea moto ilikuwa na swichi. Swichi nyeupe ya ukutani, ya kupandisha na kushusha, ambayo marehemu mumewe Metro aliizima kwa kiwiko kila usiku kwa sababu mikononi alikuwa na vikombe. Haikuwahi kumsumbua mtu. Mwezi wa kumi na moja akaja Brent, msimamizi wa zile nyumba za wazee zilizobanana ukuta kwa ukuta, ameongozana na fundi na boksi la rimoti.

"Tunawaboreshea," Brent alisema.

"Mnaboresha nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni ya zamani tu."

"Na mimi ni wa zamani. Mtanibadilisha?"

Brent alicheka. Alikuwa kijana mwenye meno mazuri, na kila neno la pili kinywani mwake lilikuwa samahani. Akikanyaga zulia, samahani. Akimpita paka, samahani. Ndivyo tulivyo huku kwetu: mtu hujigonga kwenye kiti, akakiomba radhi kiti. Na ukiombwa samahani unatakiwa ujibu "si kitu", mnacheka wote, mambo yanakwisha.

"Samahani, Verna mpenzi," akasema, "lakini ofisi imenunua za aina moja kwa nyumba zote. Hii ni rimoti ya wote. Meko ya kampuni yoyote, ya mwaka wowote, hii inaiendesha. Umekaa kwenye kiti chako, unabonyeza, moto huo! Hata kuinuka huinuki."

"Mimi nataka kuinuka. Daktari kaniambia niwe nainuka."

Fundi hakungoja wamalize. Alifungua kifuniko cha chini ya meko, akachomeka kijisanduku cha kusikiliza rimoti, akaing'oa swichi, akaziba tundu kwa kibao cheupe kisicho na kitu. Akahamia nyumba ya pili, kwa Lyle Prystupa. Safu nzima ilikwisha kabla ya chakula cha mchana, na wiki iliyofuata wakatangaziwa kwamba kodi ya Januari itapanda kwa sababu ya hayo maboresho. Hapo hakuna aliyeomba samahani.

*

Darla alikuja Jumamosi. Alikagua tarehe kwenye katoni ya maziwa akidhani mama yake haoni. Alifungua kabati la dawa. Wakati huo Verna akasogea ukutani bila kufikiri, kidole chake kikaenda kwenye kile kibao cheupe, kikatafuta swichi ambayo haipo.

"Mama, unafanya nini?"

"Mazoea tu."

Macho ya Darla yalisema yote, na Verna aliyaona.

Walikuwa wanatoka kwenda kula mchana. Baridi ilikuwa thelathini chini ya sifuri, kwa hiyo Darla alitangulia nje kuchomoa waya wa umeme unaolipasha gari joto na kuliacha lingurume kwanza. Verna akabaki ndani peke yake. Akachukua rimoti, akabonyeza. Moto ukalala, ukafa. Akasimama hapo na koti lake, akahesabu mpaka kumi kama mwanafunzi, maana sasa alikuwa ameanza kuogopa. Ndipo akafunga mlango.

Waliporudi, moto ulikuwa unawaka, unacheza nyuma ya kioo, sebule ina joto la kiangazi.

Darla alisimama kwenye mkeka wa mlangoni na mabuti yake. "Mama."

"Nilizima!"

"Mama, si huo unawaka?"

"Nauona, mimi si kipofu. Unawaka wenyewe."

"Moto hauwaki wenyewe, Mama."

"Huu unawaka! Hata juzi usiku niko naangalia taarifa ya habari, sijagusa kitu, ukawaka."

Angenyamaza, ingekuwa nafuu. Darla alikaa chini bila kuvua koti, akaanza kulia taratibu, na kilio kile kilimuumiza Verna kuliko tusi. Kisha yakatoka yote. Brent amekwisha kusema kwamba ofisi haiwezi kumwongezea mkataba mtu anayeacha moto bila mwangalizi, mpaka daktari athibitishe kwamba akili zake ni timamu. Kule Regina kuna nyumba ya kulelea wazee, karibu na kwa Darla, chumba kimoja kimepatikana, na jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

"Chumba kinaangalia wapi?" Verna aliuliza.

"Kinaangalia… kuna maegesho ya magari. Lakini kuna mti."

"Na Rudy?" Rudy ni paka.

Darla akapangusa pua. "Nitamchukua mimi, Mama."

*

Daktari alikuwa binti mpole, kucha safi. Alimsalimia Verna, kisha mengine yote akazungumza na Darla. Anakula vizuri? Analala? Amewahi kupotea njia? Verna alikaa katikati yao amepakata mkoba wake. Akapewa karatasi, akaambiwa achore saa. Aliichora, na mishale yake. Akaonyeshwa picha za wanyama awataje. Simba akamtaja. Ngamia akamtaja. Kisha kifaru! Mwanamke aliyezaliwa shambani kwenye ngano na theluji, mnyama mkubwa kuliko wote aliyewahi kumwona ni dume la moose, yule kulungu mkubwa wa huku, barabarani, unamletea kifaru ili umpime kama ana akili.

"Kifaru," Verna akasema. "Sijamwona, lakini nimesoma."

"Vizuri sana!" daktari alisema, na Verna akahisi damu inampanda, maana alipongezwa kama mtoto aliyekwenda chooni mwenyewe.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ni siku ambayo mtu mzima anaulizwa upuuzi."

Daktari akaandika kitu. Lilikuwa jibu la hasira, akalikatia alama kama jibu la kusahau. Wakatoka na neno "wasiwasi kidogo", na Darla akamshika mama yake kiwiko mpaka kwenye gari, ingawa barafu ilikuwa imemwagiwa chumvi ya kuiyeyusha na anayevaa viatu vya visigino ni Darla.

*

Jumatano jioni walicheza kaiza, ule mchezo wa karata wa wazee wa upande huu, watu wanne wawili kwa wawili, kwenye chumba cha pamoja. Verna alikaribia kutokwenda. Elsie alimvuta. "Utakaa ndani mpaka lini? Wacheze wengine karata zako?"

Lyle Prystupa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapiga miayo.

"Cheza, Lyle," Elsie akasema. "Au umelala?"

"Nilale wapi? Ile rimoti ya Brent ina shetani. Niko naangalia kwenye televisheni mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, timu yetu imebakisha jiwe moja, pap! Moto umezimika. Nabonyeza, unawaka. Kesho yake tena, pap! Mara niko kitandani, nasikia vuu, sebuleni umewaka wenyewe."

Verna aliinua macho kutoka kwenye karata. "Umewaka wenyewe?"

"Wenyewe! Nimemwambia Brent."

"Akakwambia nini?"

"Alikuja mchana ule ule, maskini. Samahani nyingi. Kaniwekea betri mpya. Haikusaidia kitu, lakini alikuja. Anasema hizi rimoti za bei rahisi ndivyo zilivyo, zina kichaa chake."

"Rimoti ndiyo yenye kichaa."

"Ndiyo, si ndiyo nakwambia?"

"Hakukwambia uchore saa?"

Lyle akamtazama. "Saa ya nini?"

"Hakumpigia simu mwanao?"

"Amwambie nini, Verna? Kwamba moto wangu ni mbovu? Mwanangu anauza trekta, atausaidia nini?"

Verna akatupa karata bila kuangalia. Ilikuwa tatu ya shupaza, karata inayokimbiwa na kila mtu, na aliitupa kwenye fungu ambalo Elsie, mwenzake wa upande mmoja, alikuwa analishinda.

"Verna!" Elsie akapiga kelele. "Unaniua mchana kweupe!"

"Endeleeni," Verna akasema, na alikuwa ameshasimama kutafuta koti lake.

*

Alisubiri Lyle arudi. Ukuta ule ni mwembamba; alisikia mlango wake, kikohozi chake, kisha televisheni. Moto wa Verna ukawaka wenyewe, vuu, mbele ya macho yake, na yeye amekaa, na rimoti iko mezani.

Akaichukua. Akabonyeza. Moto ukafa.

Ng'ambo ya ukuta: "Ah! Mshenzi we!"

Moto ukawaka. Akabonyeza tena, ukafa.

"Kijidude kijinga! Nitakutupa kwenye theluji, wallahi!" Lyle hakusema wallahi, alisema cha kwao, lakini uzito ni ule ule.

Ukawaka. Verna alicheka mpaka akajishika mbavu, na Rudy akakimbilia chini ya kochi. Kisha kicheko kikamkatika, kwa sababu alielewa jambo la pili. Kila alipotoka alizima. Akizima wa kwake, wa Lyle unazimika. Lyle anakereka, anawasha wa kwake, na wa Verna unawaka, naye yuko kanisani. Kumbe kadiri alivyokuwa mwangalifu ndivyo alivyozidi kuonekana mzembe. Kama angekuwa kweli ni kikongwe kisahaulifu, kisichozima kitu, wangeukuta moto unawaka vile vile na kumsema yale yale.

Angeweza kumpigia Darla pale pale. Aliinua simu, akairudisha. Angesema nini? Kwamba moto unawashwa na Lyle kupitia ukutani? Alijua jinsi atakavyosikika. Neno lake lilikuwa limeshakatiwa alama.

*

Ijumaa Darla alifika na maboksi. Brent naye akaja, na fomu ya kuvunja mkataba, na samahani ya kuingiza theluji. Walisimama sebuleni wakimzungumzia Verna huku Verna yuko.

"Atapapenda kule," Brent alisema. "Wana mchezo wa bingo."

"Hapendi bingo, lakini atazoea," Darla akasema. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakuwa mtoto mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtoto mwenye hofu aliyemwamini mtu wa ofisi kuliko mama yake.

"Nitatia sahihi," Verna akasema. "Kwanza twende nikamuage Lyle. Wote."

Wakaona ni jambo zuri, la kiungwana. Wakamfuata. Lyle aliwafungulia akiwa na soksi, televisheni inaonyesha mawe yakiteleza barafuni, moto unawaka. Verna akasimama katikati ya sebule na koti lake, mkono mmoja mfukoni.

"Lyle, rimoti yako iko wapi?"

"Ile pale juu ya televisheni. Kwani?"

Moto ukafa.

"Ona!" Lyle akaruka. "Ndiyo hiyo! Brent, si nilikwambia?"

Ukawaka. Ukafa. Ukawaka. Verna akautoa mkono mfukoni, na rimoti yake ilikuwa ndani ya kiganja, kidole kiko kwenye kitufe.

Mchezaji kwenye televisheni alikuwa anawapigia kelele wenzake wenye mifagio ya kusugua barafu.

"Aaa," Brent akasema mwishowe, na akacheka, meno yote nje. "Hazikupewa namba tofauti! Zinatoka kiwandani zote na namba moja, fundi alitakiwa abonyeze kitufe kimoja kwa kila nyumba. Ni kazi ya dakika. Nitamleta Jumatatu."

"Uliniambia ni rimoti ya wote," Verna alisema. "Nami sikukuelewa."

"Ha! Hiyo nzuri." Brent alirudi nyuma akagonga meza ndogo ya Lyle, kikombe kikatikisika. "Samahani, Lyle."

"Si kitu," Lyle akasema. Kisha akamgeukia Verna, masikio yamemwiva. "Jirani, mimi ndiye nimekuunguzia gesi yako wakati wote huu? Samahani sana. Samahani, Verna."

Kwa habari ya moto, aliyeomba radhi alikuwa mmoja, na ndiye asiyekuwa na kosa.

"Na simu ulizopiga?" Verna akamuuliza Brent. "Lyle alipokwambia moto unawaka wenyewe, ulileta betri. Wangu ulipowaka wenyewe, ulimpigia mwanangu."

"Verna mpenzi, tulikuwa tunakujali tu."

"Sasa mjali na Lyle. Mpeleke akachore saa."

Brent akatazama saa yake mwenyewe, akasema ana nyumba nyingine ya kukagua, akaondoka na fomu yake. Mlangoni alimkwepa paka wa mtu, nasi majirani tulimsikia akimwomba paka samahani.

*

Nyumbani Verna aliuzima moto na kuiweka rimoti mezani, naye Darla akasimama kati ya maboksi. Nusu ya vikombe ilikuwa imeshafungwa kwenye magazeti.

"Basi ni habari njema, Mama," akasema. "Ni habari njema sana. Lakini… tumeshafika mbali. Chumba kimeshapatikana. Na daktari alisema kuna wasiwasi kidogo."

"Wasiwasi wa nini? Wa kifaru?"

"Sisemi uhame leo. Nasema tukishikilie tu kile chumba. Huwezi kujua."

Darla akainua boksi, alipeleke pembeni kuliko kusimama bure, na katika ujia ule mwembamba kona ya boksi ikamgonga mama yake begani.

"Oh, samahani, Mama!"

"Hiyo ni ya bega," Verna akasema. "Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi?"

Verna akavuta kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya mlango wa kutokea, akakaa. "Mimi sina haraka. Ni wewe mwenye safari."

Wakabaki hivyo. Darla na boksi lake kifuani, Verna na mikono yake magotini, rimoti imelala juu ya meza ambapo hakuna aliyeifikia. Nje giza lilikuwa limeanza. Ng'ambo ya ukuta televisheni ikapanda sauti. Mechi ya jioni inaanza.

Vuu. Moto ukawaka.

Darla aliuangalia. Akaiangalia rimoti mezani. Akamwangalia mama yake pale kwenye kiti, mbali na vyote viwili. Jambo alilolishuhudia kwa Lyle mchana, sasa alikuwa analiona humu ndani, mahali pale pale alipokuwa amesimama na mabuti yake akisema haliwezekani.

"Nilikwambia nini siku ile?" Verna akauliza.

"Kwamba unawaka wenyewe."

"Nawe ukanijibu nini?"

Darla akaweka boksi chini. "Nikasema moto hauwaki wenyewe."

"Kisha?"

"Kisha nikakupeleka kwa daktari." Akapiga magoti kwenye zulia kando ya kiti, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye mvi zake. "Samahani, Mama. Samahani kwa kutokuamini."

Huku kwetu jibu linajulikana. Hata mtoto wa chekechea analijua, linatoka lenyewe, na Verna alikuwa amelitoa maisha yake yote, kwa waliomkanyaga na waliomkatia foleni. Likafika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ni kitu," alisema. "Ni kitu kikubwa sana, Darla. Sasa wapigie simu, waambie hicho chumba wampe mwingine. Kisha vikombe vyangu virudishe kabatini, kimoja kimoja."